Wewe ni wa Tano Mwaka Huu

Kabla sijatoa karatasi kwenye mkoba, kijana alikuwa ameshanihesabu.

"Wewe ni wa tano mwaka huu," alisema.

Ilikuwa mwezi wa nne tu. Tulikuwa tumeketi nje ya kibanda cha chai Makina, Kibra, yeye na chai yake ya rangi na mandazi mawili, mimi na kinasa sauti kisicho changu, fomu ya ridhaa yenye kurasa tatu, na orodha ya maswali 22 niliyotumiwa na watu wa mradi usiku uliotangulia. Kama unaijua Makina vizuri, usijisumbue kukitafuta kibanda. Nimekihamisha. Na kijana mwenyewe nimembadilisha mambo kadhaa, kwa sababu utakazoziona mbele.

Nikamuuliza hao wanne wengine walikuwa nani. Akawataja kwa vidole: mzungu wa vyoo, msichana wa chuo kikuu aliyetaka kujua mambo ya ndoa, jamaa wa "vijana na itikadi kali", na mwingine ambaye hakumbuki alitaka nini ila alikuwa na kamera ya nguvu.

"Na walirudi?"

Alicheka. "Warudi kufanya nini? Si walishapata."

Mimi ni mwandishi wa vibarua. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kuingia kwenye hesabu ya nyumbani, na tangu hapo naishi kwa kalamu na kwa chochote kinachokaribiana na kalamu. Usaidizi wa utafiti unakaribiana. Unapigiwa simu, unafundishwa siku moja kwenye hoteli yenye chakula kizuri, kisha unatumwa mtaani ukaongee na watu. Unalipwa kwa kichwa. Ndivyo tunavyosema, kwa kichwa, na sikuwahi kulisikia neno hilo vizuri mpaka mambo haya yaliponifika.

Mradi ulitaka kujua kuhusu vijana wa jamii ndogo na namna wanavyopata huduma za serikali. Kwa Kibra, hiyo ni kusema Wanubi. Swali la tatu lilikuwa: babu yako mzaa baba alizaliwa wapi? La nne: nyumbani mnazungumza lugha gani? La tano: wazazi wako wana vitambulisho, na walivipata mwaka gani?

Mpaka hapo kijana alikuwa anaongea kama wewe na mimi, "juu" hapa na "msee" pale. Alipofika swali la tatu akaketi wima. Sauti ikabadilika. Akasema babu yake alizaliwa Kibra, kwamba alihudumu katika KAR, akataja na vita alivyopigana, akataja kaburi liko wapi, akataja jina la babu wa babu, kila kitu bila kukwama, kama mtoto wa darasa la nne anayetoa shairi mbele ya mgeni. Mimi nikafurahi. Moyoni nilisema leo nimepata mtu anayejua historia yake.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kilichotokea pale mezani. Majibu yale hakunitungia mimi. Aliyakariri kwa ajili ya kamati.

Hapa nirudi nyuma kidogo, maana bila historia hii jambo lenyewe halishikiki.

Wanubi wa Kenya ni kizazi cha askari kutoka Sudan. Babu zao walikuwa katika jeshi la Emin Pasha huko Equatoria. Mwaka 1891 Frederick Lugard akawachukua wengi wao kwenda Uganda, na kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa mwaka 1902 wao walikuwa miongoni mwa uti wa mgongo wake. Mwanzoni mwa karne hiyo, karibu na mwaka 1904, askari waliomaliza utumishi walianza kukaa na familia zao kwenye msitu ulio kusini magharibi mwa mji mchanga wa Nairobi. Kwa Kinubi msitu ni kibra. Eneo lililopimwa na kutengwa kwa ajili yao lilikuwa ekari 4,197. Lakini Mwingereza hakuwapa hati. Tume ya Ardhi ya Carter ilipozunguka miaka ya 1932 hadi 1934 kuuliza nani ana haki wapi, Wanubi nao waliulizwa, wakajibu, na mwisho wa majibu yao wakaandikwa kuwa ni wapangaji wanaokaa kwa hisani ya serikali ya mfalme. Huo ulikuwa utafiti wa kwanza mkubwa kuwafikia, ukipenda kuuita utafiti. Waliongea kwa uaminifu na uaminifu ule ukatumika kuwaonyesha kwamba hawana kitu.

Baada ya uhuru mji ukaendelea kuila ile ardhi. Jamhuri, Langata, Otiende, Ngei, Ayany, nyumba nzuri zile tunazopita na matatu, nyingi zimekaa juu ya shamba la mtu fulani aliyekuwa na gobori na medali. Hati ya ardhi ya jamii ilikuja kutolewa mwezi wa sita mwaka 2017, ya ekari 288. Toa mwenyewe.

Ardhi ni nusu moja ya kesi. Nusu nyingine ni karatasi. Mkenya wa kabila kubwa kama mimi akifika miaka 18 anaenda kwa chifu, anachukua fomu, anapakwa wino vidoleni, anangoja. Kijana wa Kinubi, kama wa Kisomali na wengine wa pwani na mipakani, kwa miaka mingi alipitishwa kwanza mbele ya kamati. Wazee, chifu, maafisa wa serikali. Walete vitambulisho vya wazazi, ikiwezekana na vya babu. Aeleze ukoo. Aeleze lugha. Wengine walingoja miezi, wengine miaka, na bila kitambulisho Kenya hii huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kuingia jengo la serikali, huwezi kupiga kura, na polisi akikukuta usiku wewe ni biashara.

Sisi tunaita kupigwa msasa. Msasa kabla haujawa karatasi ya fundi ni mti, majani yake yanakwaruza, na watu wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Hebu fikiria kwamba hilo ndilo neno tulilolichagua kwa kumhoji binadamu mwenzetu.

Kwa hiyo swali langu la tatu, la nne na la tano yalikuwa maswali ya kamati, neno kwa neno karibu. Aliyeyatunga alikaa mbali, pengine alidhani anauliza tu habari za utangulizi za kumfanya mtu atulie. Kwa kijana yalikuwa ndiyo maswali yaliyomnyima usingizi akiwa na miaka 18. Nilimpa fomu inayosema kushiriki ni hiari na anaweza kuacha wakati wowote, kisha nikamuuliza maswali ambayo maisha yake yote hajawahi kuruhusiwa kuyaacha.

Kuuliza si ujinga, tuliambiwa shuleni. Sawa. Lakini katika nchi hii kuuliza kumewahi kuwa mambo mengi mengine. Alfajiri ya tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1954 Waingereza waliufunga mji wa Nairobi kwa ile operesheni iliyoitwa Anvil, wakawapanga Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye foleni, na mbele ya foleni akakaa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Aliangalia, akatikisa kichwa huku au kule, na maisha ya mtu yakaamuliwa. Mwishoni mwa mwaka 1989, serikali yetu wenyewe sasa, Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wajitokeze waulizwe ukoo wao, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Wazee wa Eastleigh wakikusimulia habari za kadi ile wanashusha sauti mpaka leo.

Najua mtafiti atasema mimi si gakunia. Mimi nina barua ya chuo na kibali cha NACOSTI. Ni kweli. Ila kuna mtu mmoja katika historia yetu anayenisumbua ninapotaka kulala na jibu hilo. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakua na watoto wa Kikuyu, akaingizwa katika rika lao, akaizungumza lugha kuliko Wakikuyu wengi wa leo. Kati ya 1937 na 1939 aliketi na wazee wakamweleza desturi zao kwa kirefu, kazi iliyojaa juzuu tatu na kuchapishwa baada ya yeye kufa. Walimweleza kwa sababu alikuwa wao. Kisha hali ya hatari ikatangazwa mwaka 1952, na elimu ile ile ikaenda kazini upande wa pili: akaandika kitabu kuwaeleza Waingereza Mau Mau ni nini, akawashauri kuhusu viapo na namna ya kuvitengua, na kesi ya Kapenguria ilipoanza yeye ndiye alikuwa mkalimani wa mahakama dhidi ya Kenyatta, mpaka wakili Pritt alipomlalamikia akajitoa. Sidhani Leakey alipokuwa akiandika maneno ya wazee alikuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kitu ulichopewa kwa urafiki kinakaa kwenye daftari miaka 13, na siku moja kinahitajika.

Kanuni za maadili ya utafiti tunazofundishwa ile siku moja ya hoteli zina historia yake, na haikuanzia hotelini. Baada ya vita vya pili, mahakama ya Nuremberg iliwahukumu madaktari wa Hitler na mwaka 1947 ikaacha kanuni kumi, ya kwanza ikiwa ridhaa ya mtu mwenyewe. Wamarekani walioandika hukumu ile walikuwa na lao nyumbani. Tangu mwaka 1932, katika wilaya ya Macon, Alabama, idara ya afya ya serikali yao ilikuwa ikiwafuatilia wanaume weusi 600, karibu 400 wao wakiwa na kaswende, bila kuwatibu, ili ione ugonjwa unafikia wapi. Waliambiwa wana damu mbaya. Penisilini ilipopatikana walizuiwa wasiipate. Iliendelea miaka 40, hadi gazeti lilipoifichua mwaka 1972. Kutokana na aibu hiyo ikaja sheria ya mwaka 1974, na mwaka 1979 Ripoti ya Belmont yenye yale maneno matatu tuliyokariri kwa ajili ya cheti: heshima kwa mtu, kumtendea mema, haki.

Kwenye mafunzo huwa wanakutajia madaktari wa Tuskegee. Hawakutajii sana Eunice Rivers. Alikuwa muuguzi, mwanamke mweusi, mtu wa kule kule. Madaktari walikuja na kuondoka. Yeye alibaki karibu muda wote. Aliwabeba wale wanaume kwa gari, akajua wake zao na watoto wao, akawapelekea habari ya pesa za mazishi ambazo familia ingepata ikikubali maiti ipasuliwe. Walimwamini yeye, siyo serikali. Bila yeye utafiti ule usingefika miaka mitano.

Nilipomsoma mara ya kwanza nilifunga simu nikaenda kutembea. Maana mimi ndiye Rivers. Mradi haukuniajiri kwa sababu ya akili yangu. Uliniajiri kwa sababu naingia Kibra bila kusindikizwa, najua kuamkia wazee msikitini, habuba akinikaribisha ndani nakula kisra bila kuuliza ni nini. Uaminifu ulikuwa wangu na ripoti ilikuwa yao.

Sasa niseme kilichotokea.

Baada ya maswali yale ya utangulizi nilizima kinasa sauti ili tunywe chai, na wakati huo ndipo kijana alirudi kuwa mtu. Akanieleza alivyopata kitambulisho. Sitakueleza hapa, inatosha kusema kwamba baada ya kurudishwa nyumbani mara tatu na kamati, familia moja ya jirani, si Wanubi, ilimsaidia kwa njia ambayo sheria haiipendi. Kabila lililoandikwa kwenye fomu yake si lake. Alilisema kwa kicheko, vile watu hucheka wakisema kitu kizito. Nikamwuliza, naweza kuwasha tena? Akasema washa tu, si umesema jina haliko?

Jina halikuwemo. Nilimpa jina bandia zuri. Kisha, kwa sababu naandika na ninaipenda kazi yangu, nikaandika maelezo yake vizuri pia: umri, umbo, timu anayochezea na nafasi anayocheza, kazi ya mama yake, kwamba nyanya yake bado anasuka tabaga na kuvaa gurbaba ya njano. Watu wa mradi walifurahi sana. Walisema hii ina uhai. Ikawekwa kwenye kisanduku chenye rangi, ukurasa wa kumi na kitu.

Miezi baadaye wakaitisha kikao cha kuwarudishia jamii matokeo, jambo ambalo kwenye vitabu ni la kimaadili kabisa, na mimi nililipongeza. Wakaalika viongozi wa jamii. Wakagawa nakala. Viongozi wa jamii ni wazee. Na baadhi ya wazee ni walewale waliowahi kukaa kwenye kamati.

Wanubi waliohesabiwa Kenya nzima kwenye sensa ya mwaka 2009, ya kwanza kuwapa nambari yao wenyewe badala ya kuwatia kwenye "wengineo", walikuwa 15,463. Kibra wanajuana kwa kikohozi. Mzee mmoja alifungua ukurasa ule, akasoma gurbaba ya njano na nafasi ya mpira, akamtazama mwenzake. Jioni hiyo baba mdogo wa kijana akapigiwa simu.

Hakukamatwa. Nasema mapema usije ukadhani naficha. Lakini alihama nyumbani kwa muda, familia ya jirani iliyomsaidia ikaacha kusalimiana na mama yake, na kwa miezi kadhaa aliogopa kwenda kubadilisha laini ya simu kwa sababu wangeitisha kitambulisho. Mradi nilipowaandikia walijibu kwa upole kwamba taratibu zote zilifuatwa na fomu ya ridhaa iko kwenye faili. Na iko. Niliiona. Sahihi yake ina mkia mrefu, ya mtu asiyezoea kuombwa sahihi.

Siyo Kibra tu. Mwaka 2014 Mmarekani Alice Goffman alitoa kitabu kuhusu vijana weusi wa mtaa mmoja wa Philadelphia wanaotafutwa na polisi, ambao aliishi nao miaka. Alibadilisha majina ya watu na ya mtaa. Haikuchukua muda, wanahabari wakaufikia mtaa wenyewe. Goffman alisema madaftari yake aliyaharibu ili mahakama isije ikayadai, wenzake wakamshambulia kwamba sasa ushahidi hakuna. Mimi kwenye hilo niko upande wake. Kama ningeteketeza rekodi ile jioni ile ile, kijana angelala kwao. Ila na yeye kama mimi alipenda kuandika vizuri. Ukiandika vizuri kuhusu mtu wa jamii ndogo anaonekana, na huyu alikuwa na kila sababu ya kutoonekana.

Nimetafuta waliowahi kulitatua jambo hili, na waliofika mbali kuliko wote ni Wasan wa Afrika Kusini. Mwaka 2010 wanasayansi walitangaza wamesoma jinomu za wazee wanne wa Kisan. Kila mzee alikuwa amekubali kwa nafsi yake. Viongozi wa Wasan wakasema hapana: habari iliyotoka kwenye damu ya wanne ni habari ya sisi sote, na sisi sote hamkutuuliza. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za utafiti. Walisema, kwa ufupi, kwamba anayetaka kuwatafiti apite mlangoni asipite dirishani. Kwamba aheshimu, awe mkweli, atende haki, ajali. Hakuna lugha ngumu, kurasa chache, mtu wa darasa la nane anasoma anaelewa. Fomu yangu ya ridhaa haikuwa hivyo.

Nilizipenda kanuni hizo mpaka nilipozipeleka kichwani Makina. Mlango wa Wanubi wa Kibra unashikwa na nani? Na wazee. Kijana wangu aliumizwa na watu walioingia mlangoni kabisa, wakabisha hodi, wakakaribishwa na viongozi, wakagawa nakala na soda. Jamii ndogo ikibanwa na dola hujifunga, na ndani ya kufungwa huko kuna walio juu na walio chini. Msichana asiyetaka ndoa aliyopangiwa, mvulana aliyejiandikisha kabila la jirani, hao mlango wa jamii hauwafichi. Dirisha nalo ni la wezi. Sina mlango wa tatu wa kukuonyesha. Ninachoweza kusema ni kwamba mtafiti akifika na barua ya mzee, kijana hawezi kumkatalia, na kijana asiyeweza kukataa hajakubali, haijalishi sahihi ina mkia gani.

Kuna wanaoniambia basi tuache kabisa, wasihojiwe. Hapo sikubaliani. Mwezi wa tatu mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za watoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, na uamuzi huo ulikuwa wa watoto wa Kinubi dhidi ya Kenya: kwamba kumwacha mtoto aishi hadi miaka 18 bila kujua kama nchi yake itamtambua ni kuvunja haki yake, na kwamba kukosa shule na hospitali Kibra ni sehemu ya ubaguzi huo. Uamuzi kama huo hauji bila watu kuketi na kuulizwa na kuandikwa. Na wakati serikali ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, waliokwenda mahakamani ni pamoja na Nubian Rights Forum. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 2020 majaji watatu wakazuia kuchukuliwa kwa DNA na kwa alama za mahali mtu anapoishi. Watu walioulizwa maisha yao yote wakaiuliza serikali swali, na likajibiwa. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 sasa inasema asili ya kabila lako na habari za familia yako ni data nyeti. Ukiisoma taratibu utaona maswali yangu matatu ya utangulizi yote yamo humo. Yalikuwa ya kumfanya mtu atulie.

Na takwimu nazo. Miaka nenda miaka rudi ripoti zilisema Kibra ina watu milioni moja, kubwa kuliko mitaa yote ya mabanda Afrika. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Hata ukisema sensa iliwakosa wengi, hapo katikati kuna watu laki kadhaa walioishi kwenye maombi ya ufadhili tu. Mtaa umetafitiwa hivyo, watu wake wakaulizwa kila kitu, na idadi yao tu ikawashinda. Inachekesha kidogo. Kijana alicheka sana nilipomwambia.

Maana nilirudi. Ilinichukua muda kupata nguvu. Nilimkuta mahali pengine, amekonda, ana kazi ya kubeba mizigo karibu na soko la Toi. Nilitarajia matusi. Alinisalimia, akaniacha nizungumze mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Sasa acha mimi nikuulize. Babu yako mzaa baba alizaliwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Sijui. Najua alikozikwa. Alikozaliwa sijui, na baba yangu hajui, na katika miaka yangu yote hakuna afisa, chifu wala mzee aliyewahi kuhitaji nijue. Kitambulisho changu kilikuja baada ya wiki chache, picha mbaya, jina la pili limekosewa herufi.

"Unaona," alisema.

Nilimwomba nimpe ile rekodi. Mradi ulikuwa na nakala yao na siwezi kuwalazimisha waifute, nilijaribu, lakini nakala iliyobaki kwangu ni yake. Nilimwekea kwenye simu nikafuta ya kwangu akiangalia. Akasikiliza dakika mbili za mwanzo, pale alipotoa shairi la babu na KAR. "Huyu si mimi," akasema, akaruka mpaka pale tuliponyamaza, chai ikasikika ikimiminwa.

Makala haya nilimsomea kabla sijayatuma popote. Tulikaa saa nzima juu ya magunia. Vitu vitatu akasema vitoke, nikavitoa, kimoja kilikuwa aya niliyoipenda kuliko zote. Timu akasema nisiitaje hata kwa mafumbo. Gurbaba akasema iache lakini rangi badilisha, nikabadilisha. Ile habari ya mandazi mawili akasema iwe matatu, alikula matatu, nisimfanye maskini. Nimeacha mawili pale juu kwa sababu nakumbuka mawili, na tumekubaliana niandike hapa kwamba yeye anakumbuka matatu.

Mwisho akaniuliza kama hii nayo nalipwa. Nikamwambia ndiyo, kidogo, ikichapishwa.

"Basi chai ya leo ni juu yako," akasema, akaita mama wa chai.